Maziwa ya ng'ombe yamemkataa mwanangu, na korosho pia. Nimpe nini?

FundiCherehani, Ngamiani
Jumapili, saa 3:20 usiku

Asalaam aleikum, na wengine habari za usiku.

Mwenzenu ni fundi cherehani, nakaa Ngamiani. Nina mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minne. Alipofikisha miezi saba nilimkorogea uji nikautia maziwa ya ng'ombe vijiko vitatu. Haikupita nusu saa, mabaka mekundu mwili mzima, akatapika mpaka akalegea. Nikadhani ni uji wenyewe. Wiki mbili baadaye akalambishwa mtindi, kidogo tu, kwenye ncha ya kijiko. Mabaka yakarudi na safari hii midomo ikavimba. Tukakimbia hospitali.

Daktari aliuliza maswali mengi, akampima, akasema ni aleji ya protini ya maziwa. Mimi nilikuwa nikiamini ni lile tatizo la tumbo kushindwa kusaga sukari ya maziwa, kama alilonalo baba yangu, ambaye akinywa glasi moja anajaa gesi na kuharisha. Akanieleza kuwa hayo ni mambo mawili tofauti. Baba yangu akinywa kidogo hapati kitu. Mwanangu mwili wake unapigana na maziwa, na hata tone linaweza kumfikisha pabaya.

Kisha alipokuwa na mwaka na mwezi mmoja, dada yake alimpa kipande cha kashata ya korosho. Midomo tena. Korosho nayo tukaifuta.

Sasa mji wetu mnaujua. Tanga ni mji wa maziwa. Alfajiri unapishana na baiskeli zenye madumu, kiwanda cha Tanga Fresh kiko hapa hapa, mtindi uko kila duka, na mgeni akiingia ndani chai ya maziwa haikosi. Mama mkwe wangu ndiye anayeshinda na mtoto nikiwa kwenye cherehani. Yeye amefuga ng'ombe Pongwe tangu mume wangu alipokuwa mtoto, na amelea watoto sita kwa maziwa hayo. Kumwambia kwamba maziwa yale yale yanamdhuru mjukuu wake ni neno zito, na namshukuru kwamba amelipokea. Lakini kila asubuhi ananiuliza, "Basi mtoto atakunywa nini?" Nami sina jibu.

Wiki iliyopita nilitoa elfu kumi na tatu nikanunua maziwa ya lozi, pakiti ya lita moja inayotoka nje. Nilipofika nyumbani ndipo nikavaa miwani nikasoma maandishi madogo ya ubavuni: yamesindikwa mahali panaposindikwa njugu za aina nyingine. Sikuthubutu kuifungua. Nikampa jirani.

Naomba mnisaidie. Kuna soya, nazi, mchele, oti, lozi, wengine wananitajia ufuta. Lipi linamfaa mtoto wa umri huu? Usiku bado ananyonya, mchana hapana. Samaki anakula, yai anakula, mkate wa kumimina anakula, hivyo havijamsumbua. Karanga sijathubutu. Na tui la nazi je? Liko jikoni kila siku. Naweza kulifanya ndiyo maziwa yake, nikamjazia kikombe?

WaRaskazone
Jumapili, saa 3:51 usiku

Pole sana dada. Mpe maziwa ya mchele, mchele haumkatai mtu. Loweka mchele usiku, asubuhi saga na maji kwenye blenda, chuja, chemsha, tia tende moja kwa utamu. Mimi ninayanywa mwenyewe na ni mazuri.

BibiWaMakorora
Jumapili, saa 4:05 usiku

Mwanangu, mtafutie maziwa ya mbuzi. Mbuzi ni mwepesi, hata watoto dhaifu zamani tuliwapa hayo. Yachemshe vizuri mara mbili.

NesiMstaafu
Jumatatu, saa 12:40 asubuhi

Mwanangu fundi, waaleikum salaam. Nimefanya kazi wodi ya watoto na kliniki kwa miaka 31, sasa nimestaafu niko Mikanjuni. Nitaandika kwa urefu, kwa sababu majibu mawili ya hapo juu yametoka kwa watu wema na yote mawili yanaweza kumuumiza mtoto huyu.

La mbuzi kwanza, na bi mkubwa wa Makorora aniwie radhi. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe. Katika watoto kumi wenye aleji ya ng'ombe, tisa au zaidi ya mbuzi nayo huwakataa. Ya kondoo vivyo hivyo. Na kuchemsha mara mbili hakumlindi mtoto aliyekwisha kuvimba midomo, kwa sababu kaseini, ambayo ni protini kubwa ya maziwa, hustahimili moto.

Mchele: wali ale, uji wa mchele ale. Ninachokataa ni kinywaji cha mchele kuwa ndiyo maziwa yake ya kila siku. Mpunga hufyonza aseniki, ambayo ni sumu, kutoka ardhini na majini kuliko nafaka nyingine, na Uingereza huwaambia wazazi wasiwape kabisa watoto wa chini ya miaka mitano vinywaji hivyo. Tena ndani yake protini ni kama hakuna. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtoto wa miezi 22 aliyenyweshwa kinywaji cha mchele badala ya maziwa mpaka akapata kwashakoo, huko kwao kwenye vyakula tele. Mwingine wa miezi 17 alipewa kinywaji cha soya kisichoongezwa kalsiamu wala vitamini D, akapata matege. Wazazi wa watoto wale walikuwa wanajali. Kinywaji kuitwa "maziwa" hakukifanyi kuwa maziwa.

Hapo ndipo nije kwenye tui, maana swali lako hilo ndilo lililonifanya nikae chini niandike kabla hata ya chai.

Wazee wetu hawakuliita maziwa. Waliliita tui, likawa na jina lake na kazi yake: kuungia mchuzi, kupikia wali, maharage, samaki wa kupaka. Sijawahi kusikia mama wa hapa pwani aliyemwachisha mtoto ziwa akamjazia tui kikombeni. Hili la "maziwa ya nazi" limetujia na makopo. Angalia mwenyewe: gramu 100 za maziwa ya ng'ombe zina protini gramu 3 na ushei, na kalsiamu miligramu 110 hadi 120. Tui zito la nazi uliyoikuna na kuikamua mwenyewe lina protini gramu 2 hivi, kalsiamu miligramu 16 tu, na mafuta zaidi ya gramu 20. Tui la pili ndiyo kabisa, maji meupe. Kwa hiyo tui ni chakula kizuri kwa mwanao, mafuta anayahitaji katika umri huu, lakini liwe ndani ya chakula chake. Kikombe hicho usimjazie.

Kwa hiyo mama mkwe akiuliza mtoto atakunywa nini, mwambie maji safi mchana na ziwa lako usiku. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anyonyeshwe mpaka miaka miwili na zaidi, na kama hajawahi kutoka mabaka kwa kunyonya, huna haja ya kuacha kula vyakula vyako. Yale yaliyokuwa yakitoka kwenye maziwa ya ng'ombe, yaani protini, mafuta na kalsiamu, yatafute sahanini.

Ukitaka kinywaji cha mmea kinachokaribia maziwa kwa protini ni soya, gramu 3 hivi kwa kila gramu 100. Oti haina neno kwa mtoto ambaye ngano haimsumbui, ila protini yake iko chini. Lozi, kwa mtoto ambaye korosho imemvimbisha, usiiguse mpaka daktari aseme. Na soya yenyewe usimwonjeshe nyumbani. Wapo watoto wenye aleji ya maziwa ambao soya pia huwakataa, na wako amekwisha kuvimba midomo mara mbili. Rudi kwa daktari aliyempima, mwambie unataka kujaribu soya, aonjeshwe hapo hapo penye sindano ya adrenalini, ile ya kumwokoa mtu aleji ikimzidi.

La mwisho, na hili liseme nyumbani kwa kila mtu. Midomo au ulimi ukivimba, sauti ikikauka, kifua kikikoroma au mtoto akilegea, ni hospitali mara moja. Na asitokee mtu wa kumnywesha maziwa ili "kukata sumu". Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, mtoto kaletwa amevimba na njiani wamemnywesha maziwa yale yale yaliyomvimbisha.

FundiCherehani
Jumatatu, saa 1:55 asubuhi

Bibi nesi, Mungu akuweke. Hilo la kukata sumu limenitia baridi, maana kwetu maziwa huwekwa kwa ajili hiyo hasa. Nimelisoma kwa sauti mbele ya mama mkwe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nirudie.

Halafu nina swali la nazi. Kuna pakiti moja ya kutoka Marekani rafiki yangu alinionyesha, wameiandika nazi pamoja na njugu za mtini, yaani zile zinazozaliwa juu ya miti, kundi moja na korosho. Sasa mtoto wangu amekula wali wa nazi tangu miezi minane na hana neno. Niache?

NesiMstaafu
Jumatatu, saa 2:30 asubuhi

Usiache. Nazi ni tunda la mnazi, haina udugu na mkorosho. Wamarekani kwa miaka mingi waliihesabu pamoja na njugu hizo kwenye sheria yao ya maandishi ya pakiti, na mwanzoni mwa 2025 mamlaka yao ya chakula na dawa ikaitoa kwenye orodha. Pakiti uliyoiona huenda ni ya zamani. Wapo wanaokataliwa na nazi, lakini ni wachache mno, na wako amekwisha kujipima mwenyewe kwa miezi minane ya wali.

BintiPangani
Jumatatu, saa 7:15 mchana

Mimi nina la kalsiamu, maana bibi nesi amesema sahanini na hajasema sahani gani.

Dagaa uono. Nunua wale wadogo waliokaushwa vizuri. Chambua, osha mchanga na chumvi kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, usiache hata mara moja, kisha anika juani siku nzima juu ya ungo. Kaanga bila mafuta kwenye kikaango mpaka wavunjike ukiwabana kwa vidole. Saga na vichwa na mifupa, maana kalsiamu imo kwenye mifupa. Unga ukiwa laini, kijiko cha chai kimoja kwenye mchuzi wa maharage wa nazi na mtoto hasikii harufu. Mwanangu anaitwa "paka" na baba yake kwa jinsi anavyoupenda.

Na kisamvu na mchicha msivisahau. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe sana kabla ya kutia tui.

Ufuta je, bibi nesi? Kwetu watu wanausaga na maji wanakunywa.

NesiMstaafu
Jumatatu, saa 8:02 mchana

Ufuta una kalsiamu nyingi, lakini nao ni katika vyakula vinavyoleta aleji kali. Marekani tangu Januari 1, 2023 ni lazima uandikwe kwenye pakiti, ni wa tisa baada ya maziwa, mayai, samaki, kaa na kamba na jamii yao, njugu za mtini, karanga, ngano na soya. Kwa mtoto huyu usianze nao. Samaki anakula tayari, basi abaki na dagaa.

BabaMapacha, Duga
Jumatatu, saa 2:10 usiku

Dada fundi, mimi nina mapacha wa miaka minne. Mmoja anakula chochote, mwenziwe maziwa yalimkataa tangu mdogo na karanga pia. Tumeishi na soya miaka miwili sasa, kwa hiyo nitakwambia nilichojifunza kwa kuumia.

Daktari alipoturuhusu soya, nilifurahi nikaenda sokoni Mgandini nikanunua kilo mbili za soya nzuri, nikazipeleka mashineni zikasagwe. Jioni tukampikia. Akatoka mabaka shingoni na machoni. Tukasema basi, soya nayo. Tuliporudi hospitali, daktari akauliza: zilisagwa wapi, na kabla yako nani alisaga? Nikarudi kumuuliza kijana wa mashine. Akaniambia bila kusita kwamba kabla yangu ilipita unga wa lishe wa mama mmoja, una karanga ndani. Mashine haioshwi, unga wa mwenzako unabaki kwenye jiwe na unatoka na wako. Soya haikuwa na kosa.

Tangu siku ile soya ya mtoto haijapita mashineni. Unga wa lishe wa kununua nao siuingizi ndani, hata kama umeandikwa soya tupu, kwa sababu karibu kila mchanganyiko una karanga, na usio na karanga umesagwa palipo na karanga.

Ninavyofanya: soya kikombe kimoja nachagua punje moja moja, kwa sababu kwenye gunia huwa mmedondoka karanga na mahindi. Naosha, naloweka usiku kucha kwenye maji mengi. Asubuhi nazisugua kwa viganja maganda yatoke, yanaelea, namwaga. Kisha naziweka kwenye maji yanayochemka dakika tano kabla ya kusaga, hapo ile harufu ya majani mabichi inapungua sana. Nasaga kwenye blenda yetu na maji ya moto vikombe vinne au vitano. Nachuja kwa kitambaa cheupe. Halafu nachemsha, na hapa usiharakishe: soya mbichi inazuia tumbo kusaga protini na inaumiza, kwa hiyo baada ya kutokota naiacha moto mdogo dakika ishirini, nakoroga, maana inafurika na kuungua chini upesi. Iliki kidogo. Haikai: siku moja, au ya pili ikiwa kwenye friji, basi. Machicha yake mke wangu anachanganya kwenye maandazi.

Ila kama alivyosema bibi nesi, ya kutengeneza nyumbani haina kalsiamu ya kuongezwa. Dagaa lazima.

WaRaskazone
Jumatatu, saa 2:44 usiku

Nimesoma yote. Nilimshauri dada vibaya, naomba radhi. Nitaendelea kunywa yangu mwenyewe, mtoto aachwe.

FundiCherehani
Jumatatu, saa 4:30 usiku

Usijali kaka, ulikuja kunisaidia.

Baba Mapacha, hilo la mashine limenifungua macho, kwa sababu mwezi uliopita alitoka mabaka madogo baada ya uji wa ulezi na tukasema ni joto. Ulezi ule ulisagwa mashineni.

Na kuna jambo la mkate. Mandazi ya dukani na biskuti mnafanyaje? Wiki tatu zilizopita mgeni alimpa biskuti nikiwa naosha vyombo. Haikuandikwa maziwa kwa mbele popote.

NesiMstaafu
Jumanne, saa 12:50 asubuhi

Geuza nyuma usome viungo. Pakiti nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo mfundishe mama mkwe na dada yake mtoto maumbo ya maneno haya, hata kwa kuyaandika kwenye karatasi ukutani: milk, whey, casein, caseinate, butter, ghee. Lile la caseinate hupatikana hata kwenye unga wa kutilia kahawa unaouzwa kwamba hauna maziwa. Mandazi yasiyo na pakiti usimpe, huwezi kumuuliza mpishi ametia nini na siagi gani. Mpikie vitumbua vya mchele na nazi. Na mchele wake mtwange au usage nyumbani, umesikia habari ya mashine.

Vijiko na sufuria pia. Sufuria ya chai ya maziwa ikisuuzwa tu haijaosheka.

FundiCherehani
Jumamosi ya wiki ya tatu, saa 3:05 usiku

Nimerudi kuwapa habari.

Tulikwenda kliniki siku ya Jumatano. Daktari alimwonjesha soya kidogo kidogo, tone kwenye mdomo, akasubiri, kijiko, akasubiri, mpaka robo kikombe. Tulikaa kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa saba. Nilikuwa nimemshika mkono huku namwangalia midomo tu, sikuona kingine mle chumbani. Hakutoka hata baka moja. Ameruhusiwa soya. Karanga daktari amesema tusubiri apimwe, na maziwa atapimwa tena akifikisha miaka mitatu, kwa sababu watoto wengi hukua yakawaacha. Mpaka hapo tusijaribu wenyewe.

Kwa sasa asubuhi anakunywa kikombe cha soya ya Baba Mapacha, nimepunguza maji kidogo. Mchana maharage au samaki kwa tui, na unga wa dagaa ndani. Jioni ndizi au muhogo wa nazi na yai. Usiku ziwa. Elfu kumi na tatu ile ya lozi sasa ni soya ya wiki kadhaa na dagaa juu.

Mama mkwe alishuhudia kule kliniki tangu tone la kwanza. Tuliporudi alinunua blenda ya mtumba kwa pesa yake, akasema hiyo ni ya mjukuu na isiguswe na mtu. Jana nimekuta kikombe, kijiko, chujio na sufuria ndogo vimewekwa kwenye rafu peke yake, kila kimoja kimefungwa uzi mwekundu kwenye mpini. Uzi ni wa kwenye cherehani yangu, alikata alfajiri nikiwa bado nimelala.